Mwongozo Kamili: Kujiuguza Nyumbani Baada ya Kuondolewa Titi kwa Saratani

Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapani kwa ajili ya saratani, akaruhusiwa kwenda nyumbani mrija wa kutoa maji ya kidonda ukiwa bado mwilini. Ni wa anayemuuguza pia, awe binti, dada, mume au jirani. Wanaume nao hupata saratani ya titi, ingawa ni wachache, na hatua kwao ni hizihizi.

Wanaokwama nyumbani hukwama palepale kila mara. Maji ya mrija hayapimwi. Homa inatibiwa kama malaria. Mkono unatulizwa kama umevunjika hadi bega linakakamaa. Kidonda kikishafunga, majibu ya kinyama, yaani ya maabara iliyopima nyama iliyotolewa, hayafuatwi. Mambo hayo manne nimeyaeleza kwa kirefu, na mengine nimeyapitia haraka.

Daktari aliyekupasua ndiye anayejua alichokuta na alichofanya. Akikupa maelekezo yaliyo tofauti na haya, fuata yake.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kufika nyumbani

- Kipimajoto cha dijitali. Kugusa paji la uso kwa kiganja hakutoshi.
- Kikombe chenye alama za mililita, au sirinji kubwa ya mililita 50. Kisirudi jikoni kamwe.
- Daftari na kalamu.
- Sabuni, na taulo ndogo safi ya kukaushia mikono ya anayegusa mrija peke yake.
- Glavu, gozi zilizofungwa kwenye pakiti, na plasta.
- Mito miwili au mitatu.
- Nguo za kufunguka mbele: shati la vifungo, blauzi pana, abaya ya zipu. Dera linalovaliwa kwa kichwa litakulazimisha kuinua mikono. Kama shingo yake ni pana, ingiza miguu kwanza ulipandishe kutoka chini.
- Kanga za zamani zilizolainika. Moja itabeba kichupa cha mrija, nyingine utaifunika kifuani unapolala.
- Kiti cha plastiki cha bafuni.
- Dawa zote ulizoandikiwa, zikiwa zimeshanunuliwa.
- Nauli ya kurudi hospitali iliyowekwa kando, na namba ya dereva anayepokea simu usiku.

Kabla hujatoka wodini, muulize muuguzi mambo haya na uyaandike: mrija wangu ni wa aina gani, nimwage mwenyewe au nije kubadilishiwa chupa? Nyuzi zinatolewa lini, au ni zile zinazoyeyuka zenyewe? Nimeandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda? Majibu ya kinyama yatatoka lini, na nitayafuata dirisha gani? Omba na namba ya simu ya wodi.

## Dalili za kurudi hospitali siku hiyohiyo

Nakili sehemu hii na uibandike ukutani, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona.

- Joto la mwili nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi.
- Kidonda kinachozidi kuwa chekundu au cheusi kuliko ngozi ya pembeni, kinachochoma kwa joto, kinachotoa usaha au kunuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi vizuri, kwa hiyo pima joto la ngozi kwa mgongo wa mkono na ulinganishe na upande wa pili.
- Mrija kujaa damu nzito nyekundu kwa muda mfupi, au kifua kuvimba ghafla na kukaza.
- Mrija umechomoka.
- Mguu mmoja umevimba na unauma kwenye kigimbi.
- Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, au kukohoa damu.

Kwa dalili hiyo ya mwisho, na kwa damu inayojaa haraka, usisubiri asubuhi. Damu ikitoka kwenye mshono, kandamiza kwa gozi au kitambaa safi bila kuachia na muondoke hivyohivyo. Damu iliyoganda mguuni inaweza kupanda hadi mapafuni. Saratani na upasuaji kila kimoja huongeza hatari hiyo, na hatari haiishi siku unayotoka wodini.

## Hatua ya 1: Safari ya kurudi

Panda gari dogo au bajaji. Bodaboda iache, na daladala au matatu ya kusimama pia, kwa sababu breki moja itakufanya ukamate bomba la juu kwa mkono uliopasuliwa. Weka mto mdogo kati ya mkanda wa gari na kifua.

Waliotoka mbali wana swali gumu zaidi. Mtu aliyefanyiwa upasuaji Dar es Salaam na nyumbani kwake ni Mbeya ana zaidi ya kilomita 800 za basi. Ushauri wangu ni kubaki kwa ndugu karibu na hospitali hadi mrija utolewe, hata kama wenyeji wamebanwa. Mrija ukiziba ukiwa njiani hakuna wa kukusaidia, na kukaa kitini saa nyingi kunaweza kugandisha damu miguuni. Kama ni lazima usafiri, muulize daktari kwanza, kunywa maji, chezesha nyayo juu na chini kila baada ya dakika chache, na basi likisimama shuka utembee.

## Hatua ya 2: Kutunza mrija

Mrija upo kwa sababu titi na tezi zikishatolewa hubaki uwazi chini ya ngozi, na uwazi huo hujaa maji na damu. Maji yakitolewa, ngozi inalala juu ya misuli na kushikana nayo. Yakibaki, kidonda kinavimba na vijidudu vinapata mahali pa kukulia.

Kuna aina mbili zinazoonekana sana. Moja ni kibuyu laini cha plastiki unachokibonyeza, na hiki humwagwa nyumbani. Nyingine ni chupa ngumu iliyoondolewa hewa kiwandani. Hiyo usiifungue mwenyewe, kwa sababu ikishaingia hewa haivuti tena. Soma alama za pembeni kila siku, weka mstari wa kalamu mahali maji yalipofika, na ikikaribia kujaa nenda zahanati au wodini wakubadilishie.

### Namna ya kumwaga kibuyu

1. Nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20, mpaka kwenye vifundo. Anayeuguza avae glavu baada ya kunawa.

2. Kama wodini ulifundishwa kukamua mrija, ukamue sasa. Shika mrija karibu na ngozi kwa mkono mmoja, uubane usisogee. Kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili, minya na uteleze kuelekea kwenye kibuyu. Tone la sabuni kwenye vidole linasaidia kuteleza. Mkono wa kwanza usiachie: ukiachia, utavuta uzi unaoshikilia mrija ngozini, na mrija unaweza kuchomoka.

3. Fungua kifuniko bila kugusa mdomo wake. Mimina kwenye kikombe.

4. Kibuyu kikiwa wazi, kibonyeze mpaka kikunjamane chote, kisha funga kifuniko ukiwa bado umekibonyeza. Wengi hukosea hapa. Ukikifunga kikiwa kimejaa hewa hakitavuta kitu, na maji yatabaki mwilini huku kibuyu kinaonekana kisafi.

5. Weka kikombe mezani, inama macho yawe sawa na alama, usome. Andika. Mwaga chooni, osha kikombe kwa sabuni, nawa tena.

Fanya hivyo saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, na wakati wowote kibuyu kinapofika nusu, maana kikijaa nguvu ya kuvuta hupungua. Usikisuuze ndani.

### Daftari liwe hivi

Jumatatu: asubuhi 45, jioni 40, jumla 85, rangi nyekundu.
Jumanne: asubuhi 40, jioni 30, jumla 70, rangi ya waridi.

Kama una mirija miwili, ibandike namba 1 na 2 kwa plasta na kila mmoja uwe na mistari yake. Usijumlishe pamoja, kwa sababu mmoja unaweza kutolewa kabla ya mwingine. Daftari hili ndilo daktari atakalolitazama kuamua. Hospitali nyingi hutoa mrija maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, ingawa kila mahali pana kipimo chake. Asiyepima huambiwa "rudi wiki ijayo", na wiki ya ziada ya mrija ni wiki ya ziada ya vijidudu kupata njia ya kuingilia.

### Kubeba mrija

Kichupa kiwe chini ya kidonda siku zote. Funga kanga kiunoni, tengeneza mfuko, ukitumbukize humo. Usikiache kining'inie kwa uzito wake. Usiku kiweke kando yako kitandani upande ule ule, na mtu mwingine achomekee chandarua, kwa sababu kunyanyua godoro na kujinyoosha pembeni ni kazi ya bega.

### Mambo yakienda kombo

Kibuyu kinajaa hewa mara tu ukishafunga: angalia kifuniko kwanza, kisha maungio, kisha tundu za mrija zisiwe zimetoka nje ya ngozi. Zikiwa nje, funika kwa gozi uende hospitali.

Maji yanalowesha bandeji huku kibuyu hakijazi: pengine donge la damu limeziba. Kamua mara moja au mbili, na ikishindikana piga simu wodini.

Mrija umechomoka: usiurudishe. Funika tundu kwa gozi safi, kandamiza kidogo, nenda siku hiyo.

Unajua umefaulu ikiwa jumla inashuka siku hadi siku, rangi inatoka nyekundu kwenda waridi kisha manjano hafifu, na kibuyu kinabaki kimekunjamana kati ya kumwaga na kumwaga. Maji kupanda kidogo siku uliyofanya mazoezi kusikutishe. Yakipanda mara mbili na rangi ikarudi kuwa damu, piga simu.

## Hatua ya 3: Maumivu na homa

Meza dawa za maumivu kwa saa, usisubiri mpaka uume. Anayesubiri huishia kulala bila kusogea, na asiyesogea hupata bega gumu, kifua kizito na damu kuganda. Paracetamol kwa mtu mzima haizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye mwili mdogo au ini bovu apewe kipimo cha chini. Soma pakiti za dawa za mafua, kwani nyingi zina paracetamol ndani. Diclofenac na ibuprofen zinywe kwa chakula, na usizinunue mwenyewe kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Sasa homa. Katika nchi zetu mtu akipandwa na joto, kinachotajwa kwanza ni malaria. Mgonjwa ananunuliwa dawa mseto duka la jirani, anameza siku tatu, na siku tatu hizo ndizo usaha unazochimba kidonda. Kwa hiyo shika hili: mtu aliyepasuliwa akipata homa, kidonda kitazamwe siku hiyohiyo. Malaria ipimwe pia, ni haki yake. Lakini hata kipimo kikionyesha malaria ipo, kidonda bado kikaguliwe, kwa maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Pima joto asubuhi na jioni, na kila mara kabla ya kumeza paracetamol. Dawa hiyo hushusha joto. Ukipima saa moja baadaye utasoma 37 na kutulia wakati tatizo linakua. Andika joto kwenye daftari lile lile la mrija.

Kuna hisia nyingine ambazo hazina hatari ingawa zinatisha: ganzi kwenye kwapa na upande wa ndani wa mkono wa juu, miwasho, mchomo wa ghafla kama umeme, hata kuhisi titi ambalo halipo. Mishipa ya fahamu ya ngozi imekatwa au imevutwa. Kwa wengi hali hupungua kwa miezi, na ganzi kwa wengine hubaki kidogo.

## Hatua ya 4: Kidonda na kuoga

Bandeji ya hospitali isifunguliwe nyumbani kwa udadisi. Itabadilishwa kwa tarehe uliyopewa, au mapema ikilowa. Mahali pa kusafishia kidonda ni zahanati au kituo cha afya, kwa vifaa vilivyochemshwa.

Mpaka mrija utolewe, oga kwa vipande: keti kwenye kiti, osha kiuno kwenda chini kwa maji ya kawaida, na juu jipanguse kwa kitambaa kilicholowa ukikwepa bandeji. Kwapa la upande huo lipanguswe na kukaushwa bila manukato wala wembe.

Na sasa suala la kukandwa. Mama au shangazi anayekupenda atataka kukukanda kwa maji ya moto kama mzazi. Mkatalie kwa upole, na mwuguzaji akusaidie kukataa. Ngozi ya kifua na kwapa ina ganzi, haitakwambia maji yanaunguza, na mkono huo ukishaungua hupona kwa shida. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa nayo isikaribie. Kadhalika usiweke asali, majivu, dawa ya meno, mafuta ya mnyonyo, spiriti wala unga wa vidonge vya antibiotiki juu ya mshono.

Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Mwenye kisukari anaweza kuambiwa asubiri zaidi, na kwake sukari iliyopanda ndiyo adui mkubwa wa kidonda kuliko kitu kingine chochote. Pima sukari kila siku katika kipindi hiki kama una kifaa.

Mrija ukishatoka, kifua kinaweza kuvimba tena na kutikisika kama kuna maji ndani. Maji yamejikusanya, jambo la kawaida. Usitoboe, usikande, usifunge kwa nguvu. Nenda kliniki. Kama ni mengi watayavuta kwa sindano, pengine zaidi ya mara moja, na utarudi nyumbani siku hiyo.

Unajua umefaulu ikiwa kingo za mshono zimegusana, ni kavu, na uvimbe wa pembeni unapungua kila wiki.

## Hatua ya 5: Mkono na bega

Hofu humwambia mgonjwa aubane mkono ubavuni asiuguse. Bega lisilosogezwa hukakamaa kwa muda mfupi, na kulilegeza baadaye kunauma kuliko kulizoeza mapema. Kuna na sababu nyingine ambayo wagonjwa huijua wakiwa wamechelewa: wengi baada ya titi kuondolewa huandikiwa mionzi, na wakati wa mionzi unalala chali mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa, bila kutikisika. Asiyeweza kuuinua hurudishwa kwenye mazoezi kwanza, na matibabu yake yanasogea mbele.

### Mrija ukiwa bado upo

Anza siku inayofuata upasuaji, kama daktari hakukataza. Kiwiko kisipande juu ya bega kwa sasa.

- Kunja soksi iwe kama mpira, ibane na kuiachia mara 15 hadi 20.
- Kunja na kunyoosha kiwiko.
- Zungusha mabega mbele na nyuma ukiwa umekaa.
- Vuta pumzi ndefu mara tano au sita, kifua kipanuke.
- Lala chali au ubavu mzima, mkono uliopasuliwa uulaze juu ya mito uwe juu kuliko moyo, dakika 45, mara mbili au tatu kwa siku. Uvimbe wa siku za mwanzo hushuka hivyo.

Tumia mkono huo kula, kupiga mswaki na kuchana nywele kiwiko kikiwa kimeegemea meza. Hayo nayo ni mazoezi.

### Mrija ukishatolewa

Muulize daktari kama unaweza kuanza kupandisha. Akikubali, simama ukitazama ukuta, vidole vipande taratibu kama vinatambaa mpaka uhisi kuvutika, shikilia hapo ukihesabu hadi tano, shuka. Weka alama ya chaki mahali ulipofika. Kesho lenga alama hiyo au juu yake kidogo. Kisha lala chali, shika mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili, uuinue kuelekea nyuma ya kichwa, mara tano hadi saba. Meza dawa ya maumivu nusu saa kabla.

Kuvutika ni sawa. Maumivu makali yanayobaki baada ya kupumzika yanakwambia umepitiliza.

Huenda ukaona kitu kama kamba ngumu chini ya ngozi, kutoka kwapani kwenda kiwikoni. Haimaanishi saratani imerudi. Hutokea baada ya tezi kutolewa na kwa kawaida hulegea kwa kunyoosha mkono taratibu. Mwonyeshe mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye miadi.

Unajua umefaulu ikiwa ndani ya wiki 6 hadi 8 mkono unafika karibu na pale ulipokuwa ukifika kabla ya upasuaji. Ukikwama chini ya usawa wa bega baada ya wiki 4, omba rufaa ya fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, bila kusubiri kuambiwa.

### Kuchunga mkono usivimbe

Tezi za kwapani ndizo zilizokuwa zikichuja maji ya mkono. Zikipungua, mkono unaweza kuvimba mwezi ujao au miaka kadhaa ijayo. Chukua futi ya fundi cherehani na upime mikono yote miwili mwanzoni kabisa: kwenye kifundo, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu yake. Andika, rudia kila mwezi. Tofauti mpya ya sentimita 2, au bangili kuanza kubana, au mkono kuhisi mzito, mwambie daktari mapema, kwa kuwa uvimbe wa mwanzo hutulizwa kirahisi kuliko wa zamani.

Vaa glavu unapolima au kushika visu na samaki. Mchomo wowote uoshe kwa sabuni papo hapo. Sindano, kupima presha na kutoa damu, toa mkono mwingine kila inapowezekana. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na una homa, ni maambukizi yanayotaka antibiotiki siku hiyo.

## Hatua ya 6: Kazi za nyumbani

Kwa wiki 4 hadi 6 usibebe kitu kinachozidi kilo 2 kwa mkono huo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 ukijaa unapita kilo 10 pamoja na chuma chake. Mjukuu wa mwaka mmoja naye haanguki mbali na hapo, kwa hiyo keti kwanza, kisha apandishwe mapajani na mtu mwingine. Mbeleko isubiri, inakata kifua palepale penye mshono.

Kukuna nazi, kutwanga, kusukuma chapati, kufua kwa mikono na kusonga ugali wa watu wengi ni kazi za bega na kifua. Kuchambua mchele, kumenya vitunguu na kukunja nguo unaweza mapema. Jiko la mkaa liwe la mwingine kwa sasa. Choo cha kuchuchumaa kinahitaji kiti au mtu wa kukushika upande mzima, ili usijinyanyue kwa mkono uliopasuliwa.

Muislamu aswali ameketi, ruhusa ya mgonjwa ipo, kwa sababu kusujudu kunaweka uzito wa mwili mikononi.

## Hatua ya 7: Chakula, choo na kutembea

Kidonda kinajengwa kwa protini: maharage, dagaa, mayai, samaki, kuku, maziwa, karanga. Watakuja watu na orodha ya makatazo, nyama hapana, mayai hapana, sukari hapana hata kwenye uji, mpaka mgonjwa abaki na majani na juisi. Kumnyima chakula hakuiui saratani, kunamchelewesha kupona na kumfikisha kwenye dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, akiwa dhaifu. Kama una kisukari au ugonjwa wa figo, fuata mpango wako wa chakula.

Dawa kali za maumivu kama tramadol na morphine hufunga choo. Papai, mboga, maji ya kutosha na kutembea uani mara kadhaa kwa siku husaidia. Kama siku tatu zimepita bila choo, omba dawa. Dawa za mitishamba zimwambie daktari kabla ya kuzinywa, hasa kama kemo iko mbele.

## Hatua ya 8: Kujitazama

Siku ya kwanza ya kuona kifua chako, keti, na uwe na mtu unayemwamini. Wengine huhisi kizunguzungu, wengine hulia, wengine hawahisi kitu mpaka wiki kadhaa baadaye. Hakuna ratiba. Mume asubiri aalikwe kutazama, na akialikwa asigeuze uso. Ukiona wiki mbili zinapita huna usingizi, huli, au unatamani usingeamka, sema kliniki kama unavyosema kuhusu homa, kwani ina matibabu yake.

Kwa nje, titi la kitambaa laini la pamba linaweza kuvaliwa ngozi ikishafunga na isiume. La silikoni, lililo zito, lisubiri wiki 6 hadi 8.

## Hatua ya 9: Kufuata majibu ya kinyama

Kidonda kimefunga, mkono unapanda, unajiona mzima. Watu wengi huishia hapa, na hapa ndipo ninapokusihi usiishie. Upasuaji umeondoa kilichoonekana. Chembe zinazoweza kuwa zimebaki hutibiwa kwa kemo, mionzi, vidonge vya homoni au vyote, na uamuzi huo hutokana na maabara: ukubwa wa uvimbe, kingo za nyama iliyotolewa zilikuwa safi au zina saratani, tezi ngapi zilikuwa na saratani, na vipimo vya ER, PR na HER2, vinavyoonyesha kama saratani yako inachochewa na homoni (ER na PR) au na protini iitwayo HER2. Vipimo hivyo vitatu wakati mwingine haviagizwi au vinalipiwa pembeni, kwa hiyo uliza kwa majina yake.

Kemo ikihitajika, kwa kawaida huanza ndani ya wiki 4 hadi 8 baada ya upasuaji, na isipite miezi 3. Hesabu nyuma kutoka hapo: majibu yanahitaji muda wa maabara, na rufaa ya kwenda hospitali kubwa kama Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta, Eldoret au Mulago inahitaji siku zake. Kama tarehe uliyoambiwa imepita na majibu hayajatoka, mtume mtu wa nyumbani akasimame dirishani akiwa na kadi yako na namba ya sampuli. Apige picha ya majibu kwa simu, na nakala ya karatasi ibaki nyumbani kwenye bahasha moja na fomu ya kuruhusiwa na daftari la mrija.

Siku ya miadi beba bahasha hiyo yote, dawa unazotumia na kadi ya bima, na muulize daktari maswali mawili: matibabu yanayofuata ni yapi, na yanaanza tarehe ngapi?